Siku Nilipowapeleka Wafaransa Momela Nisiyoijua

Jamani, hili jambo nimelificha miaka mingi, na hata leo mke wangu akianza tu kusema "unakumbuka siku ile ya lambo" mimi huondoka mezani nikajifanya naenda kuangalia migomba, maana aibu niliyoipata siku ile haikuishia kwa Wazungu, ilifika mpaka kwa wakwe, na aibu ya ukweni mnaijua wenyewe haina dawa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi nikiwa kijana wa Kimandolu ambaye hajaoa, nimeajiriwa kuhudumia mezani katika nyumba moja ya mlowezi kule juu ya Usa. Nyumba yenyewe mwenye shamba alikuwa akiwapangisha wageni waliokuja kupumzika na kuutazama mlima Meru. Siku ya kuandikwa kazi niliulizwa kama nazifahamu sehemu za kuwatembeza wageni, na mimi (kwa sababu nje walikuwa wamesimama vijana wengine sita wanaoitaka kazi ileile) nikajibu bila kupepesa macho kwamba nimezaliwa Momela, karibu kabisa na maziwa, na kwamba viboko nawajua mmojammoja. Uongo mtupu. Momela nilikuwa naisikia tu kwa watu. Lakini nikapewa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu, nikasahau.

Basi wakaja Wafaransa wawili, mzee na mkewe. Bibi aliitwa Madam Odeti, mwembamba, mguu mmoja unamsumbua, na daktari alikuwa amemkataza kuchoka kwa sababu ya moyo. Bwana alikuwa akiitwa Musyu (sisi tulidhani ndilo jina lake, kumbe kwao kila mwanamume ni Musyu). Walikuwa wameishi Usumbura miaka mingi katika biashara ya kahawa, kwa hiyo Kiswahili walikijua, ila kile cha kule Usumbura, cha "iko" nyingi. Kila asubuhi wakishakunywa chai wanataka kwenda mahali, jioni wanarudi. Siku ya kwanza tulikwenda mjini sokoni, siku ya pili Ziwa Duluti, siku ya tatu Kisongo kwenye mnada wa ng'ombe wa Wamasai. Dereva wetu, Mzee Athumani, mtu wa Kondoa aliyehamia mjini Arusha, njia hizo zote alizijua, mimi nikawa nabeba tu kikapu cha chakula na kutabasamu.

Siku ya nne, Alhamisi, Musyu akasema, "Leo twende Momela. Elirehema, wewe ni mtoto ya kule, wewe utaonyesha njia."

Mzee Athumani akanigeukia. "Mimi huko sijawahi kufika, kijana. Njia unaijua vizuri?"

Hapo ndipo. Hapo hasa. Ningesema neno moja tu yangekwisha, lakini Madam alikuwa ananitazama kwa furaha kama mtoto wa sikukuu, nikamjibu mzee, "Naijua hata nikifumba macho."

Tukaondoka. Tulipofika penye njia panda ya kwanza nikasema kushoto, kwa sababu kushoto kulikuwa na alama za magurudumu nikaona si haba, wengine wamepita. Njia panda ya pili nikasema kushoto tena. Landrova ikaanza kupanda, mashamba ya kahawa, migomba, kahawa tena, na mimi niliwahi kusikia kwamba Momela kuna mbuga na nyati, si migomba. Mzee Athumani akawa ananiangalia kwa pembe ya jicho. Mimi nimekaza macho mbele, jasho linanitoka mgongoni, na kimoyomoyo naomba, Mungu wangu, nipe ziwa, ziwa lolote.

Na Mungu akanipa! Tulipovuka kilima kimoja tukaona maji. Si mengi, lakini maji, yana matete pembeni, na nyuma yake msitu. Nikapiga kelele, "Momela!"

Madam akashuka akiegemea fimbo yake. Akatazama. "Iko kidogo," akasema taratibu.

"Hili ndilo dogo lao, Madam. Makubwa yako mbele, lakini hili ndilo zuri."

"Na heroe? Ile ndege nyekundu ya miguu murefu?"

"Wako upande wa pili, wamejificha kwenye matete," nikasema. (Mnaona jinsi uongo unavyozaa? Haukai mmoja.)

Tukatandika shuka, wakala kuku wa baridi na mayai, Musyu akajilaza akafunika uso na gazeti, Madam akakaa kwenye kiti chake cha kukunja akitazama maji. Mimi nikamwambia nakwenda kuwafukuza heroe ili warukie upande wake. Nikamvuta Mzee Athumani tukazunguka matete, na tulipofika mbali nikamwomba anisaidie kufikiri. Yule mzee akachutama, akaokota kitu chini akanionyesha. Kinyesi cha ng'ombe. Kikavu, na kingine kibichi, na kingine, pembezoni mwa maji kote.

"Kijana, hili ni lambo. Watu wananyweshea ng'ombe hapa. Ungesema tu hujui, tungeuliza njiani. Kuuliza si ujinga."

Tukarudi. Na tuliporudi, kiti cha Madam kilikuwa kitupu.

Mwanzo nilidhani amekwenda haja. Nikasubiri nimegeuza uso upande mwingine, kwa adabu. Nikasubiri tena. Nikaita polepole nisimwamshe Musyu, "Madam? Madam Odeti?" Kimya, upepo tu kwenye matete. Halafu nikaona kofia yake, ile ya ukili yenye utepe wa buluu, inaelea katikati ya lambo.

Ndugu zangu, sikuwaza. Nikaona Polisi, nikaona gereza, nikamwona mama yangu analia, na zaidi ya yote nikamwona yule bibi mpole ambaye kila asubuhi huniuliza kama nimelala vizuri. Nikavua kanzu, nikabaki na kaptula ya ndani (ya kitambaa cha gunia la unga, maandishi ya kinu bado yanasomeka nyuma), nikajitosa. Maji yalinifika kifuani. Chini ni tope linalovuta. Nikawa napapasa kwa miguu, napapasa kwa mikono, nikigusa mzizi nauvuta nikidhani ni mkono wake. Musyu akaamka kwa kelele zangu, akaiona kofia, akaanza kuita jina la mkewe kwa sauti ambayo sijaisahau mpaka leo, sauti ya mtu mzima anayelia bila machozi.

Mzee Athumani peke yake ndiye aliyekuwa na akili. "Nyamazeni!" akasema. "Sikilizeni."

Tukanyamaza. Kwa mbali, nyuma ya migomba, watu walikuwa wanaimba. Nyimbo za kanisani.

"Mtu akipotea huenda kwenye sauti za watu," akasema mzee.

Sikumngoja. Nikaikamata ile kofia, nikatoka majini nikakimbia nayo mkononi, nikapita migomba, nikaruka mfereji, nikaona kanisa dogo la mabati mlango wazi, nikaingia mzimamzima mpaka katikati huku nalia kwa sauti, "Nisaidieni, bibi wa Kizungu amekufa maji!"

Wimbo ukakatika.

Walikuwa akina mama tupu, kama arobaini hivi, kwenye kikao chao cha Alhamisi. Na kwenye benchi la mbele, ameshika bakuli la loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa, na maziwa yenyewe yamemganda kwenye mdomo wa juu, alikuwa amekaa Madam Odeti, mzima kabisa. Upepo ulichukua kofia yake, akashindwa kuifikia, akasikia nyimbo, akaja pole pole kuomba msaada, wakamkarimu. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Lakini nikainua macho kumtazama yule mama aliyekuwa amesimama mbele akiongoza kikao, na nikatamani lile tope lingenibakiza kulekule.

Alikuwa mama yake Anaeli. Anaeli ndiye binti ambaye wazee wangu walikuwa wamempelekea posa majuma mawili tu kabla. Kwao nilikuwa nimefika mara moja, kwa miguu, kwa njia ya juu, ndiyo maana sikupatambua. Na sasa nimesimama mbele ya mama mkwe, kifua wazi, matope mpaka nyusi, na kaptula iliyolowa ikanigandama.

"Shikamoo mama," nikasema. (Ningesema nini?)

"Marahaba," akajibu akiitazama dari. Halafu akavua kanga yake ya mabegani akainyoosha pembeni bila kugeuka, nikajifunga. Kanga ya mama mkwe, jamani. Mama mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka, kikawa kicheko kimoja kanisa zima.

Mama Anaeli akangoja wamalize. "Mgeni ametuambia amekuja kuona ziwa Momela. Tumemweleza kwamba hili ni lambo la ng'ombe wetu, na Momela ni huko ng'ambo, mbali. Akasema haiwezekani, kijana aliyemleta amezaliwa hukohuko Momela. Kijana huyo ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Baba yako alituambia ninyi ni watu wa Kimandolu. Basi nani anatudanganya, baba yako au wewe?"

Wakati huo Musyu na Mzee Athumani walikuwa wamefika mlangoni. Musyu akamkumbatia mkewe, kisha wote wawili wakanigeukia, na akina mama arobaini wakanigeukia. Nikasema mbele yao wote. Nilisema kwamba mimi ni wa Kimandolu, kwamba Momela sijawahi kuiona, kwamba nilidanganya ili nipate kazi, kwamba leo nilidanganya kwa sababu niliona haya kusema sijui, na kwamba baba yangu hana hatia. Musyu alikuwa amewiva uso. Nilijua kazi imekwisha, nikaanza hata kuufungua ule mkanda mwekundu, halafu nikakumbuka nimeuacha kule lamboni pamoja na kanzu.

Madam akaniuliza swali moja tu. "Wewe naingia ndani ya maji kutafuta mimi?"

"Ndiyo, Madam."

"Unajua kuogelea?"

"Hapana, Madam."

Akamwambia mumewe maneno kwa Kifaransa, marefu. Sikufukuzwa. Lakini kwa wakwe haikuwa rahisi hivyo. Wajomba wa Anaeli walikuja mpaka Kimandolu kuulizia kwa majirani kama kweli nimezaliwa pale, wakaenda hata kwa mwinjilisti aliyenibatiza, na harusi ikasogezwa mpaka mavuno ya kahawa yalipopita. Anaeli mwenyewe aliniambia alikubali kwa sababu mama yake alisema, "Muongo yule, lakini si mwoga."

Nimeapa tangu siku ile, nisichokijua nasema sikijui, hata mbele ya wajukuu.

Jumamosi ya juma lilelile Musyu alitafuta mtu aliyezaliwa Ngarenanyuki, jirani kabisa na Momela, akakaa mbele na Mzee Athumani, mimi nyuma na kikapu changu. Tukateremka kwenye maziwa. Maji yalikuwa mapana, ukingoni yamegeuka mekundu kwa heroe, maelfu, wakatimka wote kwa pamoja mpaka nikaangusha kikapu na mayai. Madam akanigusa bega.

"Elirehema, hii sasa iko Momela?"

"Sijui, Madam," nikasema. "Tumwulize mwenyeji."