Jina la Mtoto wa Kwanza

Kosa langu la kwanza wodini lilikuwa sifuri. Niliiandika kwa mwandiko mzuri, tena nikainakili kwenye karatasi nyingine kwa sababu ile ya kwanza ilidondokewa na wino.

Nilikuwa msaidizi wa wodi hapa Voi, miaka ya sabini ikielekea kwisha. Kazi hiyo sikuisomea. Nilijifundisha kwa kitabu cha tiba kilichokosa jalada, kamusi ikiwa pembeni, na humo ndimo nilimokuta maswali ya kupima akili za wazee. Daktari aliyapenda. Kulikuwa na mama mzee kutoka Mbololo mwenye saratani ya titi, na kabla ya kumpasua daktari alitaka kujua kama anaelewa anachokubali.

"Nyanya, hapa ni wapi?"

"Ni hapa mnapokoroga uji bila sukari."

Kitabu kilitaka jina la mahali. Nikaandika sifuri.

"Leo ni siku gani?"

"Jana ilikuwa siku ya soko. Hesabu, si wewe umesoma?"

Sifuri.

"Mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?"

Aligeukia ukuta.

"Umemsahau, nyanya?"

"Yuko hapo nje. Muulize mwenyewe."

Hiyo ndiyo sifuri niliyoinakili. Daktari alisoma karatasi, akamwambia yule mwana aliyekuwa akingoja nje kwamba akili za mama yake zimechoka, amrudishe nyumbani.

Mwana huyo alinifuata barazani. "Ulimuuliza nini?"

Nikamwambia.

"Mimi nimerithi jina la babu. Mama atamtajaje baba mkwe wake, na kwetu ni mwiko? Mimi huniita Baba."

Nami ni mtoto wa kwanza, mzaliwa wa Bura. Mama yangu hajawahi kulitamka jina langu. Huniita Baba. Nilijua hayo tangu utotoni, na bado niliamini kitabu.

Nilipaswa kumkimbilia daktari saa ileile. Niliogopa kuonekana mjinga, nikakaa miezi miwili nikitafuta maneno ambayo yangesahihisha karatasi bila kunitaja. Nilipokiri, yule mama mzee aliitwa tena. Alifika titi limeshapasuka lenyewe na kuwa kidonda, na daktari akasema amechelewa. Kwenye machela alinitambua.

"Umeshamjua anaitwa nani?"

Alizikwa kabla ya mvua za vuli.

Bado ninapima wazee. Swali hilo nimelifuta, na siku hizi mtu wa nyumbani kwa mgonjwa husikia maswali yangu yote kwanza, kabla sijamuuliza mgonjwa lolote.