Picha ya Mama Isiyo na Miguu

Mpaka leo nikiona picha ya mtu aliyekatwa kiunoni, uso unaniwaka moto. Acha niseme tu, aibu yenyewe nimeshaila yote.

Nilikuwa nasomea upigaji picha Mbarara, na siku ya kwanza ya kuonyesha kazi zetu darasa zima lilinicheka. Picha zangu zote zilikuwa za watu wa kwetu, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, zoni ya Rubondo: mtu katikati, amesimama wima, mikono ubavuni, viatu vinaonekana. Sisi Wakongomani wa pale ndivyo tunavyopigwa. Kumkata mtu kwenye picha ni kumdharau. Mwalimu akaniuliza, "Sasa hii ni picha ama gwaride?" Wee! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akanifundisha kuigawa picha mara tatu kwenda chini na mara tatu kwenda pembeni, na kumweka mtu pale mistari inapokutana, si katikati. Akanifundisha kungoja mwanga wa dirishani. Akasema pia, kitu kisichosema neno kwenye picha, kikate. Hilo nililishika kama aya ya Biblia.

Nikarudi Rubondo likizo, nimejaa maringo. Mama alitaka picha ya kumtumia nyanya, mama yake mzazi, aliyebaki Kivu ya Kusini. Alivaa kitenge cha kanisani na viatu vyeusi alivyovipaka rangi mwenyewe, akaenda kusimama uani.

"Hapana, mama, hiyo ni ya zamani," nikamwambia. Nikamwingiza ndani, nikamkalisha kando ya dirisha, nikamkata kiunoni.

"Na viatu?" akauliza.

"Viatu havisemi kitu, mama."

Akanitazama, akageukia dirisha. Mtoto amesoma, utamwambia nini?

Jamani, picha ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Nusu ya uso ilikuwa kwenye mwanga, nusu gizani. Nikaituma kwenye simu ya mjomba anayeishi na nyanya. Mtandao wa kule unabeba picha kwa taabu, na video haubebi kabisa.

Kesho yake mjomba akapiga. Nikaweka sauti kubwa ili mama naye asikie. Badala ya salamu tukamsikia nyanya analia kama yuko matangani.

"Kumbe ni kweli! Balimukata mutoto wangu miguu!"

Ndipo nikajua mama alikuwa anatafuta nini kwenye picha ile. Tulipokimbia vita aliumia mguu, akabebwa, na watu waliorudi nyuma wakapeleka habari nyumbani kwamba amekatwa miguu yote. Nyanya ameishi na habari hiyo miaka na miaka, kila akiambiwa si kweli anaona anabembelezwa. Mama hakunieleza mapema kwa sababu hakuona haja. Alijua mtu akipigwa picha, miguu itakuwamo.

"Niko nayo yote mibili, mama!" mama akapaza sauti.

"Kama uko nayo, ulificha ju ya nini?"

"Nyanya, ni mimi niliyekata," nikasema. Akaendelea kulia.

Tukakimbilia uani. Nikampiga mama picha vile alivyotaka tangu mwanzo, katikati, wima, kuanzia kichwa mpaka viatu. Nikatuma, tukangoja. Simu ikalia.

"Huyo mutoto si anasomea picha?" nyanya akasema. "Mulinieleza benyewe. Anaweza kumubandikia miguu ya mutu mungine."

Masomo yangu, ambayo mama aliyasifu kwa kila mtu, ndiyo yaliyomfanya aonekane mwongo mbele ya mama yake. Na mama hakunilaumu. Afadhali angenizaba kofi.

Alikwenda kusimama kwenye saruji ya mlangoni, akaniambia niishushe simu chini, karibu na miguu yake.

"Sikia, mama. Huu mumoja." Akakanyaga kwa nguvu. "Na huu wa pili." Huo wa pili ndio ulioumia, na haujapona sawasawa hata sasa. Nikamsikia akivuta pumzi.

Halafu nyanya akasema, "Kanyaga tena."

Akakanyaga. Mimi nilikuwa nimepiga magoti na simu mkononi, nashindwa kuinua macho.

"Tena," nyanya akasema, na mama akainua ule mguu mbovu.