Taa Nyekundu Kwenye Mlima wa Timboroa

Wengi kanisani wameniuliza ni nini kilichotuchelewesha siku ya kura ya mashamba, na kila mmoja amesikia kipande chake. Naandika safari nzima kwa mpangilio ili ijulikane jinsi ilivyokuwa.

Wakati ule wazungu walikuwa wanauza mashamba na kuondoka, nasi tuliungana kama kundi tukanunua moja upande wa Timboroa. Baada ya kungoja kwa muda mrefu, kwa neema ya Mungu siku ya kugawana ilifika. Kila mwenye hisa angechukua karatasi yenye namba kutoka kwenye kikapu, kwa mkono wake mwenyewe. Asipokuwepo jina lake likiitwa, ndugu wa karibu angemchukulia, na kipande kingeandikwa kwa jina la yule aliyechukua. Sheria hiyo tuliipitisha sote, wala hatukuona ubaya wake.

Ubaya tuliuona alipofiwa Mama Leah. Yeye na mumewe walikuwa wamelipia hisa pamoja, yeye akiuza mboga mjini, mumewe akiwa kibarua. Mume alipokufa, shemeji yake alianza kusema mjane asiye na mtoto wa kiume hana haja na shamba, na kwamba siku ya kura angekuwepo kuchukua karatasi hiyo. Mama Leah alikuja kwangu kutoka Huruma, mtaa wa pale Eldoret alikopanga chumba, akaniambia, "Mzee, nisipofika, nimekwisha. Una gari. Nipeleke." Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niende. Mimi mwenyewe kura yangu ingeweza kuchukuliwa na kaka yangu, aliyekuwa anaishi kule kule, naye angenirudishia.

Gari langu lilikuwa lile dogo lenye umbo la kobe, milango miwili tu, injini ikiwa nyuma. Lilinitumikia vizuri, ila kwa miezi kadhaa lilikuwa na tabia moja: taa nyekundu ya chaji, iliyo mbele ya dereva, iliwaka na kuzima ipendavyo. Nililipeleka kwa fundi mara mbili. Mara zote mbili alilizungusha mjini peke yake, akarudi akiniambia, "Mzee, hii gari iko sawa kabisa. Mimi sioni taa." Nami nikienda peke yangu sikuiona. Lakini fundi huyo alinionya jambo moja ambalo kila mwenye gari la aina ile alilijua: mkanda unaozungusha dainamo, ile inayochaji betri, ndio huo huo unaozungusha feni ya kupoza injini. Taa hiyo ikiwaka, simama papo hapo, kwa maana mkanda ukiwa umekatika injini itaungua kabla hujamaliza mlima.

Eldoret, saa moja asubuhi. Tuliondoka watu wanne. Mke wangu Rael aliketi mbele kwa sababu ya nyonga yake, ambayo haimruhusu kupanda nyuma. Mimi nina miguu mirefu, kwa hiyo nafasi iliyo nyuma ya dereva ni finyu, na hapo akaketi Mama Leah ambaye ni mwembamba. Nyuma ya Rael aliketi Mzee Barnaba, mzee mwenzangu wa kanisa, mtu mkubwa wa mwili na wa mdomo, ambaye naye alikuwa na hisa. Alipoketi gari liliinama.

"Polepole, Mzee," Rael akamwambia. "Hii gari si ng'ombe."

"Ng'ombe angelalamika," Barnaba akajibu. "Hii imenyamaza."

Kura ilikuwa ianze saa nne. Kwa mwendo wangu ningefika nikiwa na muda wa kunywa chai.

Cheptiret. Tulipopita maduka tuliruka shimo dogo, na ile taa ikawaka. Nikasimama pembeni. Sote tukashuka, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikagusa mkanda. Ulikuwa mzima, umekaza vizuri. Mafuta yalikuwepo. Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha shuka, tukafanya kama ilivyo desturi ya kanisa letu, ambalo haliombi watu wakiwa wamejibwaga kwenye viti: tukavua kofia, tukasimama kando ya barabara, Barnaba akaomba. Barnaba haombi kwa kifupi. Tuliporudi ndani na kuwasha, taa haikuwepo.

"Bwana asifiwe," akasema Barnaba.

"Asifiwe," nikajibu, na nilimaanisha.

Karibu na Burnt Forest taa iliwaka tena. Tukashuka, nikagusa mkanda, ukawa mzima. Tukaomba, tukapanda, taa ikawa imezima. Safari hii Rael hakusema Amina kwa sauti. Alikuwa anaangalia jua.

Baada ya Burnt Forest barabara huanza kupanda kuelekea msituni, na baridi huingia hata dirisha likifungwa. Wakati ule sehemu hiyo ilikuwa imechimbwa na malori, tukawa tunarushwa. Hatukuenda mbali. Taa ikawaka, nyekundu kama kaa la moto. Nikasimama kwa mara ya tatu.

Mama Leah akainama kuelekea kiti changu. Sasa akasema, "Mzee, endesha tu. Tafadhali."

"Mama, mkanda ukikatika hapa mlimani injini itaungua. Hatutafika mimi wala wewe."

"Na tukisimama hivi tutafika?"

Nikashuka kugusa mkanda, wengine nao wakashuka. Barnaba alikuwa amekwisha vua kofia. Mama Leah akachukua kifurushi chake, akajifunga leso vizuri, akaanza kutembea kupanda mlima. Rael akamwita, hakugeuka.

"Mwache," akasema Barnaba. "Tutampata mbele."

Tuliomba bila yeye. Kisha tukapanda, Barnaba akiwa peke yake nyuma, naye akajitandaza katikati, miguu huku na huku. Kipande kile kilikuwa kibaya kuliko vyote tulivyopita, gari likiruka kama mbuzi, lakini taa haikuwaka hata mara moja. Tulimkuta Mama Leah akiwa amefika mbali kuliko nilivyodhani. Alikuwa anahema, na viatu vyake vimejaa vumbi. Akapanda, Barnaba akasogea kwenye nafasi yake, tukaondoka. Shimo la kwanza tu, taa ikawaka.

Barnaba akacheka. "Mama, hii taa ni yako. Ukishuka inalala, ukipanda inaamka."

Alikuwa anatania, lakini ndani ya gari hakuna aliyecheka. Mama Leah alikuwa anatazama nje. Akasema polepole, "Hata nyumbani kwa mume wangu waliniambia hivyo. Kwamba ninapoingia mimi, kitu huharibika. Simamisha gari nishuke, Mzee. Ninyi nendeni."

Nikasimama, lakini sikumfungulia. Ni Rael aliyezungumza, akiwa amegeuka kwenye kiti kadiri nyonga yake ilivyomruhusu.

"Barnaba, hii taa huwaka Jumapili tukienda kanisani?"

"Huwaka, ndiyo."

"Na Mama Leah huwa ndani?"

"Hapana. Yeye hutoka Huruma kwa miguu."

"Sasa ni nani huwa ndani kila Jumapili?"

"Ninyi wawili," akasema Barnaba, "na mimi hapa nyuma."

Nikaanza kufikiri kama ambavyo ningepaswa kufikiri tangu Eldoret. Nikiwa peke yangu, taa haiwaki. Fundi akiwa peke yake, haiwaki. Tukishuka kuomba, inazima. Mama Leah aliposhuka, kweli ilizima, lakini siye peke yake aliyebadilika: Barnaba naye alikuwa ameacha nafasi yake ya kushoto akakaa katikati. Nikawaomba wote washuke. Nikawasha injini gari likiwa limesimama, nikakanyaga mafuta kidogo, taa haikuwepo. Nikamwambia Mama Leah aketi nyuma kushoto. Akaketi kwa hofu.

"Ruka-ruka, Mama."

Akaruka-ruka. Hakuna taa. Akanitazama, nikatikisa kichwa.

"Shuka. Barnaba, ingia."

Barnaba akaingia, akaketi mahali pake, akajitupa mara moja. Taa ikawaka.

Rael alishika mlango akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mzee Barnaba," akasema, "miezi yote hii umekuwa ukikemea pepo uliyemkalia."

Nikazima injini, tukang'oa kiti cha nyuma. Chini yake upande wa kushoto kuna kisanduku kidogo kinachopokea umeme wa dainamo, na nyaya zinapita hapo. Springi moja ya kiti ilikuwa imepinda kwenda chini. Mtu mzito akiketi na gari likaruka, springi iligusa waya, ikanasa hapo hapo mpaka mtu huyo anyanyuke. Ngozi ya waya ilikuwa imelika, shaba inaonekana, na pembeni nyasi za ndani ya kiti zilikuwa zimeungua kidogo, nyeusi. Tungeendelea hivyo wiki chache zaidi, tungewaka moto sote tukiwa njiani kwenda kanisani.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nilikata kipande cha mpira wa tairi niliokuwa nikifungia mizigo, nikauzungushia ule waya, nikaukaza kwa kamba. Barnaba akaipinda springi kwa mikono yake ikarudi juu. Tukakunja gunia, tukaliweka katikati. Barnaba akaketi palepale pa kushoto. Alipomaliza kujirekebisha akasema, bila kicheko, "Mama Leah, nilisema neno baya."

"Ulisema," akajibu. "Twende."

Shambani karibu na Timboroa. Tulifika kura ikiwa imeanza kitambo. Watu walikuwa wamejaa mbele ya lililokuwa ghala la mzungu, na mwenyekiti wa kundi alikuwa anaita majina akiwa amesimama juu ya kreti. Kabla sijazima injini nikasikia jina la marehemu mume wa Mama Leah likiitwa, na jina la Mama Leah baada yake. Shemeji yake akajitokeza, mtu aliyevaa koti zuri, akasema, "Hayupo. Mimi ndugu yake nipo." Akakunja mkono wa koti na kunyoosha mkono kuelekea kikapuni.

Mama Leah hakungoja nishuke ili apite. Alikunja kiti changu nikiwa bado nimekalia ukingo wake, akapita. Akaingia kati ya watu akisema, "Samahani, baba. Samahani, mama," mpaka akafika mbele.

"Mkono wenyewe umefika," akasema.

Mwenyekiti akamtazama, kisha akamtazama shemeji. "Mzee, rudisha mkono wako. Mama, chukua."

Alichukua karatasi bila kuchagua. Namba yake iliangukia upande wa juu, unaopakana na msitu, ambako upepo haukomi. Shemeji akasema watu wakisikia, "Huko ni baridi tupu. Utalima nini?"

"Viazi," akasema Mama Leah. "Na nitavaa sweta."

Watu walicheka, lakini karani aliandika jina lake, nami niliangalia kalamu mpaka ilipomaliza.

Alasiri. Baada ya sisi wengine kuchukua karatasi zetu, kaka yangu alitupa chai na mahindi ya kuchemsha, kisha tukapanda kuona kipande cha Mama Leah. Kilikuwa na mteremko, udongo mweusi, na mawe kiasi. Vigingi vya mpimaji vilikuwa vichache, na kona moja haikuonekana kwa sababu ya nyasi. Mama Leah akamshika Barnaba mkono, akamsimamisha kwenye kigingi cha kwanza.

"Kaa hapa usisogee, nione ninakokwenda. Wewe upepo hautakuchukua."

Barnaba akasimama wima, kofia mkononi, mpaka mama alipomaliza kuzunguka.

Kurudi. Kaka yangu alimpa Mama Leah mahali pa kulala, kwa sababu alikataa kurudi mjini kabla hajaanza kulima. Tuliteremka watatu, Barnaba akiwa nyuma kushoto, na taa haikuwaka mpaka nyumbani.

Nilichojifunza ni hiki. Kila tuliposimama nilimshukuru Mungu kwa kuizima taa, na bado namshukuru kwa siku ile yote. Lakini taa ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo, nami niliomba inyamaze. Kitu kinachowaka na kuzima, uliza kwanza nani alikuwepo, aliketi wapi, na ni nini kilichobadilika, na usikubali jibu la kwanza, hasa kama linamwangukia yule asiye na wa kumtetea.

Tuliingia Eldoret mwanga ukiwa bado upo. Nyuma ya kiti changu hapakuwa na mtu, na sijawahi kufurahia nafasi tupu ndani ya gari kama siku ile.