Mazizi Matatu ya Mlinzi

Mlinzi wa ghala la dagaa pale Mukendo hakuwahi kuweka vitu vyake mahali pamoja. Eufrasia, anayemuuzia uji kila asubuhi, alishamzoea: funguo mfukoni, tumbaku kwenye soksi, kiberiti ndani ya kofia. Akimtania, mlinzi hujibu kwa sauti ya chini, viganja vyake vipana vimekumbatia kikombe. "Mama, baba alikuwaga na ng'ombe wengi, lakini zizini kwake walilala wachache. Wengine aliwaweka kwa marafiki, Butiama na Bunda. Ugonjwa ukiingia huku, kule unabaki na mbegu." Ndivyo alivyoiweka na akiba yake ya uzeeni: mfuko mmoja wa uwekezaji wa hapa Musoma, mwingine wa Bunda, mwingine wa Butiama.

Jana alikuja, akakataa kukaa. Mifuko yote mitatu imefungwa. Kumbe yote ilikuwa ikipeleka fedha za watu kwa kampuni moja, na kampuni hiyo imefilisika.

"Si ungewauliza kwanza wenye mifuko, mzee wangu?" Eufrasia akasema.

Kikombe kiligongwa mezani, uji ukaruka. "Niliwauliza! Wote watatu! Na kila mmoja aliniambia, mzee, umefanya vizuri kugawanya!"

Eufrasia hakuwahi kumsikia akipaza sauti. Mlinzi akavua kofia, akatoa kiberiti, akainama akachomoa na tumbaku kwenye soksi, akavisukumiza vyote kwenye mfuko wa suruali uliokuwa na funguo, kwa nguvu, mpaka mshono ukaachia.