Toleo Jipya

Walimwita Toleo Jipya kwa sababu kila jarida la gofu lilipotoka, naye alifika uwanjani na mtindo mpya wa kushika fimbo. Mkewe, aliyezoea kumkuta mbele ya kioo cha kabati akijipinda kiuno kama picha ya ukurasani, hakuyachukia majarida yale. Ndiyo yaliyomfunza mumewe kuusukuma mpira taratibu hadi shimoni. Tatizo lilikuwa mapigo ya mbali: kufumba na kufumbua, mpira uko bwawani. Shemeji yake, aliyekuwa mwenzake wa kucheza, alikwisha kumwonya: "Shemeji, Jumamosi ukilisha samaki mipira tena, natafuta mwenzangu mwingine."

Ijumaa Toleo Jipya alikuwa uani akikung'uta zulia kwa mpini wa fagio. Mkewe akasita mlangoni, akashangaa. Miguu ilikuwa imetulia, macho hayabanduki, kiuno kikigeuka chenyewe, na kila pigo likitua palepale alipolikusudia.

"Baba watoto, hilo umelisoma toleo gani?"

Alisimama, akataka kuitazama mikono yake, akajizuia.

"Tafadhali, mama watoto, usiniambie nimeshikaje."

Akalikazia macho zulia tu, akalikung'uta mpaka vumbi likaisha, kisha akalikunja.