Digrii Tisini na Mbili

Baba yangu alilima kahawa miaka arobaini kwenye kilima chetu kule Kivu, na hakuwahi kuionja. Kwetu tulikunywa chai. Kila msimu mnunuzi aliingiza mkono guniani, akakunja uso: "Mzee, hii kahawa yako ni takataka." Baba aliamini. Hata nilipomleta kuishi nami huku ugenini mjini, mtaa wa Namuwongo, mama akiwa ameshafariki, kahawa ikitajwa aliinamisha kichwa. Ilinikera mno!

Siku moja mfanyabiashara wa kwetu alileta kahawa ya kilima kile kile. Nikanunua, nikaikaanga, nikaisagisha, nikatoa mashine yangu ya kupikia kahawa ya espreso, mtumba lakini nzima. Nilitaka kitu kimoja tu: baba ajue kabla hajafa kwamba kahawa yake ilikuwa nzuri.

Nikapandisha joto hadi digrii tisini na sita, mwisho wa namba. Kwetu kumpa mzee kinywaji kisichochemka ni kumtukana. Mashine ikatema mvuke, kahawa ikatoka imeungua. Baba akaonja, akaweka kikombe chini polepole.

"Kumbe bale banunuzi balisema kweli," akasema.

Yesu wangu! Afadhali angenizaba kofi. "Si kahawa, baba, ni mashine!" Nikashusha hadi themanini na nane, nikabonyeza papo hapo. Chungu vilevile. Namba ilikuwa imeshuka, chuma bado kilikuwa cha moto.

Baba akacheka kidogo. "Wewe ulizaliwa na miezi saba. Hata tumboni ulikosa subira."

Basi nikakaa, nikangoja mashine ipoe, nikajaribu tena. Safari hii ikawa kali kama limau. Nikapandisha hadi tisini na mbili, nikangoja dakika kumi nzima, mimi huyu! Nilionja kwanza mwenyewe. Ilikuwa tamu, na sikuwa nimetia sukari. Nikampa kikombe, nikasimama mbele yake nikichekelea kama mjinga.

Alikunywa mpaka tone la mwisho.

"Ni nzuri," akasema. "Ni nzuri sana." Nikapiga makofi. Kisha nikaona machozi yanamshuka.

"Mama yako ndiye alikuwa anaianika," akasema. "Kila mwaka nilimugombeza, nikasema ni yeye anaiharibu."