Mkebe Namba Tisa

Kwa misimu saba mfululizo mwanamke huyu aliajiriwa mvua zikikatika na kuachishwa zikirudi. Kwenye mkataba alikuwa na jina lake kamili, lakini waliomjua walimwita Kiguu, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa kiguu na njia: mtu wa kuuliza mto unatoka wapi, kisha akaondoka kwenda kuutazama. Miezi ya kazi alikuwa askari wa hifadhi ya wanyama. Miezi iliyobaki alikaa chumba kimoja na mdogo wake, fundi cherehani, akimsaidia kushona vifungo na kuvichungulia viatu vyake vya doria chini ya kitanda kama mtu anayemjulia hali mgonjwa.

"Dada, wewe umeolewa na pori," mdogo wake alimtania, pini zimebanwa midomoni. "Na mume mwenyewe kila mwaka anakupa talaka."

"Si ananirudia?"

"Siku asiporudi utamshtaki wapi?"

Hapo Kiguu aliviinamia vifungo vyake, maana hapakuwa na mahali pa kushtaki. Askari wa kudumu analindwa na kanuni. Askari wa msimu analindwa na barua moja tu, barua ya kuitwa tena, ambayo mkuu wa kituo huiandika mwisho wa msimu akipenda, na asipopenda haulizwi. Utaratibu huo ni wa aibu. Humfanya mtu mzima, mwenye ujuzi na miguu yake miwili, aishi kwa kusoma uso wa mwenzake. Ila ndio uliokuwepo, na Kiguu alikuwa radhi kuuvumilia ili apate kulala mahali ambapo asubuhi mtu huamshwa na nyayo za wanyama na si na honi.

Kwenye ukuta wa ofisi ya kituo palitundikwa ramani yenye nukta tisa nyekundu. Kila nukta ilikuwa mkebe wa bati uliofungwa kwenye nguzo, na ndani yake daftari dogo. Kila wiki askari wawili walitakiwa kufika kwenye kila mkebe, waandike tarehe na walichokiona, na wote wawili watie sahihi. Sahihi mbili, ili mmoja asidanganye.

Msimu wa saba Kiguu alipangwa na Sajini, mzee mcheshi mwenye mabega mapana, aliyekaribia kustaafu. Siku ya kwanza kabisa Sajini alimwekea mezani madaftari tisa mapya.

"Bibie, tia sahihi hapa chini, kila ukurasa."

"Kurasa tupu, Sajini?"

"Kule juu mkono unatoa jasho, wino unatapakaa, daftari linakuwa uji. Tarehe nitajaza mimi. Au unaogopa nitaandika kuwa umekubali posa yangu?"

Wakacheka. Kiguu akatia sahihi kurasa zote. Wa msimu wote walifanya hivyo, na aliyekataa angeonekana mjuaji.

Wakaanza kazi. Mkebe wa kwanza hadi wa nane waliifikia pamoja, na Kiguu hakuwa na la kulalamika. Lakini kila ilipofika zamu ya mkebe namba tisa, ulioko korongoni nyuma ya mlima, Sajini alisema ameshakwenda juzi na dereva, siku ya mapumziko ya Kiguu. Mara ya kwanza Kiguu alishukuru. Mara ya tatu aliona ajabu. Mara ya tano akamfuata dereva aliyekuwa akibadilisha tairi.

"Hivi korongoni kukoje siku hizi?"

"Korongoni wapi?" Dereva hakuinua kichwa. "Dada yangu, gari haliendi huko. Na mimi mahali gari lisipokwenda, siendi."

Tangu hapo Kiguu hakutulia. Kila jambo la Sajini aliligeuza juu chini. Mbona alimwachia kiti chenye kivuli? Mbona alimsifu mbele ya Mkuu wa kituo? Hata sukari aliyomuongezea kwenye chai aliionja kama anayetafuta kitu ndani yake. Mchana mmoja, ofisi ikiwa tupu, akafungua daftari namba tisa lililokuwa mezani badala ya kuwa mkebeni. Tarehe zilikuwa zimejaa, kila wiki, kwa mwandiko wa Sajini: "Hali shwari." Chini ya kila "shwari" kulikuwa na sahihi yake mwenyewe, safi, bila alama ya jasho.

Siku yake ya mapumziko alijaza chupa ya maji akaenda. Wa msimu hawakuruhusiwa kuvuka mlima bila kibali, na hilo alilijua. Saa tano kwa miguu, akashuka korongoni, mahali alipokuwa akipatamani tangu msimu wa kwanza: chemchemi iliyotoka kwenye mwamba, maji ya kijani, ukimya. Mkebe ulikuwepo. Nyigu walikuwa wamejenga viota vya udongo juu ya kifuniko, tabaka juu ya tabaka, na tabaka la chini lilikuwa gumu kama tofali. Hakuna mkono uliokuwa umekifungua.

Hakuugusa. Akazunguka chemchemi, na hapo akaiona mitego: nyaya zilizofungwa kwenye vichaka, kila njia ya kwenda majini. Kwenye mmoja palikuwa na mifupa ya mguu, imekauka.

Jioni alimkuta Sajini peke yake ghalani.

"Sajini, namba tisa hujafika."

Sajini akakaa juu ya gunia na kushika goti la kulia. "Limekwisha, bibie. Tangu mwaka juzi. Nikisema, watanitoa kabla ya siku zangu."

Maneno yalimgusa Kiguu. Lakini asubuhi ileile alikuwa amemwona mzee huyo akipanda ngazi ya tangi la maji bila kushika popote. Goti, au rushwa kutoka kwa mtega nyaya? Hakujua, na aligundua kuwa kutojua hakumpunguzii chochote: wanyama walikuwa wamekufa wakijikata miguu, na aliyeshuhudia kwamba hali ni shwari alikuwa yeye.

Kesho yake akamweleza Mkuu wa kituo. Mkuu alilitia mfukoni daftari namba tisa. Alivaa viatu, wakaenda wawili, na njia nzima Kiguu aliyahisi macho yake mgongoni.

"Unaijua njia hii vizuri mno," alisema Mkuu.

"Nimeipita mara moja, Afande."

"Kutafuta nini?"

"Kutembea."

"Hakuna mtu anayetembea tu."

Korongoni Mkuu alivunja viota kwa kisu, akafungua mkebe. Daftari la ndani lilikuwa la miaka miwili nyuma. Akatoa mfukoni lile jipya, akalifungua mbele ya Kiguu.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Basi na wewe umo." Akakaa kwenye jiwe, sauti ikalainika ghafla. "Sikiliza, mama. Barua yako ya kuitwa tena nimeshaiandika, iko mezani. Tunaweza kusema mkebe ulisombwa na mafuriko. Mzee anastaafu kwa heshima, wewe unarudi msimu ujao, mitego tunaitoa kimyakimya. Nani ameumia?"

Kiguu alimpita. Alipiga magoti kwenye kichaka cha kwanza, akafungua waya, akaukunja. Akaenda cha pili. Mkuu alikaa akimtazama mpaka jua likahama upande wa pili wa korongo. Mwishowe Kiguu akaja na kuutua mzigo wa nyaya miguuni pake.

"Thelathini na moja, Afande. Andika thelathini na moja. Na uandike kuwa kurasa nilizisaini tupu, siku ya kwanza, ofisini kwako, kama wenzangu wote wa msimu."

Mkuu alimtazama kwa macho ya mtu anayefikiria mfuko gani hajaupekua. Kisha akafungua daftari lake, akaandika kidogo, akasita.

"Jina lako kamili?" aliuliza, kana kwamba katika misimu saba hajawahi kulisikia.

Kiguu akamtajia, lake na la baba yake na la babu yake, polepole, akisubiri kalamu imalize kila moja.